Sadunku

Mama Tone alikuwa kwenye kola ya shati la mteja, shati jeupe la mtu mwenye shingo nene, aliposikia watu asiowajua wanabishana juu ya neno la mwanawe.

Sauti zilitoka kwenye kompyuta ya mumewe, mezani, hatua chache tu kutoka kwenye meza yake ya pasi. Siku nyingine asingesikia kitu. Baba Tone alikuwa na vidude vyake vya masikioni, lakini vilikuwa vimekufa, na yeye ni mmoja wa wale mafundi wa simu wanaotengeneza vya watu mchana kutwa huku vyao vinaoza nyumbani. Kwa hiyo mkutano ukamwagika chumba kizima.

"Ukweli usemwe," alisema kijana mmoja mwenye sauti ya kugombana, ambaye wenzake walimwita Kifaru. "Jina hili linatutia aibu. Sadunku. Sadunku ndiyo nini? Mtu akiliona anadhani aliyeandika alikuwa anasinzia."

"Tulishakubaliana ni kosa la kuchapa," alisema mzee aliyeongoza mkutano. Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na walimwita Mwalimu tu.

"Kosa la kuchapa la miaka yote hii, Mwalimu? Juzi nimekwenda shule moja kuwaomba waitumie programu yetu ya maktaba. Mkuu wa shule akavaa miwani, akasoma anwani ya tovuti, akaniambia, kijana, watu wasiojua kuandika sanduku nitawakabidhije vitabu vyangu?"

Watu wakacheka kwenye kompyuta. Baba Tone hakucheka, wala hakununa. Alikuwa ameweka kidevu kwenye kiganja, anatazama kioo kama anavyotazama kila kitu tangu msiba.

Mama Tone akahamisha pasi kutoka kwenye kola kwenda kwenye mkono wa shati. Hakusikia uchungu. Alijisikia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anajua kuna kitu kinavutwa ila haumii. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Asubuhi aliamka, akawasha pasi, jioni akazima pasi, na katikati watu walileta nguo na kuchukua nguo.

Hata jina lake lilikuwa limewashinda watu. Mtaani hakuwahi kuwa na jina jingine zaidi ya Mama Tone, kwa sababu mtoto alizaliwa mdogo sana hadi mkunga akasema hili ni tone tu, na tone likabaki. Sasa Tone hayupo, na majirani hawakujua wamwite nani. Wengine walimwita dada, wengine jirani. Mwenye nyumba siku moja alianza, "Mama T," akajikohoza, akauliza habari ya bomba. Yeye mwenyewe aliwaonea huruma kuliko walivyomwonea yeye.

Ila neno lile. Tone akiwa na miaka mitatu hakuweza kusema sanduku. Walikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, la nguo, na mtoto alilipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Viatu vya baba vikipotea, vimo sadunku. Vijiko vikipungua, nenda sadunku. Akikasirika anaingia humo mwenyewe na kukaa, "Niko sadunku, msinisemeshe." Na leo wanaume kwa wanawake, kutoka miji asiyoijua, walikuwa wanalitaja neno hilo mara kumi kwa dakika na kusema ni aibu.

"Basi tupate jina," alisema Mwalimu. "Nani ana pendekezo?"

"Ghala."

"Ghala ni la mahindi."

"Karakana."

"Watatuletea magari. Na ni refu, mtu anachoka kabla hajafika mwisho."

"Kapu."

"Kapu! Halafu kila programu yetu iambiwe imetoka kapuni."

Hapo akaingia mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Ndiye aliyetunza michango yao, na cheo chake kilikuwa Mhazini. "Jamani, mbona tunajisumbua? Si tuandike sanduku, kwa usahihi wake? Nimeangalia, liko wazi, hata lenye ule mkia wa jumuiya." Mkia waliuita zile herufi zinazokaa baada ya nukta, mwishoni mwa anwani; wa tovuti yao ya sasa ulikuwa mwingine. "Mtu hahitaji kufundishwa. Anajua sanduku ni kitu cha kuwekea vitu."

Wakalipenda. Wakapiga kura pale pale, na hakuna aliyepinga.

"Fundi," alisema Mwalimu, na hapo alikuwa anamwita Baba Tone. "Wewe ndiye uliyeianzisha tovuti. Una neno?"

"Sina," alisema Baba Tone. "Sanduku ni sawa."

"Basi Mhazini akutumie mchango, ulinunue jina kabla mtu hajalidaka."

"Sawa."

Mama Tone akalitungika shati kwenye kiango. Lilikuwa limenyooka vizuri kabisa.

*

Alisubiri mpaka mumewe akafunga kompyuta. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kungojea nguo.

"Hiyo tovuti yenu inaitwaje?"

"Umesikia."

"Nataka uniambie wewe."

Baba Tone alijifuta uso kwa kiganja. "Sadunku."

Miaka yote hii alimwona mumewe akikaa kwenye ile kompyuta baada ya kazi, na alijua anachofanya kwa juu juu tu. Yeye na wenzake, watu ambao hata hawajaonana uso kwa uso, walitengeneza programu na kuzigawa bure, yeyote achukue, afungue ndani, arekebishe, amgawie mwingine. Programu huria, walisema. Kazi zao zilihitaji mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni tovuti aliyoijenga Baba Tone na kuilipia kwa mfuko wake. Jina lake waliliita kikoa. Zamani, Mama Tone aliposikia kikoa, alidhani ni kile cha watu kuchanga na kula pamoja, akamuuliza mumewe zamu yao ya kupika ni lini. Walicheka siku hiyo mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Walikuwa watu wa kucheka. Lakini kikoa chenyewe kinaitwaje, hakuwahi kuuliza.

"Umewapa watu neno la mwanangu," alisema, "na mimi hukuniambia."

"Wakati ule halikuwa neno la kuficha. Alikuwa analisema hapa hapa, mimi niko kwenye kompyuta natafuta jina, yeye anapiga kelele chini ya kitanda. Nikaliandika. Nilitaka kukuonyesha. Halafu nikakuta unamsahihisha."

Ni kweli alimsahihisha. Alikuwa mama wa kusahihisha. "Si hivyo, Tone. Sema sa-ndu-ku." Kila siku, akimvalisha, akimkosha. Wakwe walipokuja na kumcheka mtoto, alizidi. Na mtoto akaja kulisema sawasawa, siku moja tu ghafla, sanduku, na mama akampigia makofi. Tangu siku hiyo hakulikosea tena.

"Sasa wakishahama," alisema, "hilo la zamani litakuwaje?"

"Mhazini hataki kulipia mawili. Muda wake ukiisha linaachwa."

"Likiachwa?"

"Linakuwa la yeyote. Mara nyingi watu wa kamari ndio huokota majina ya namna hiyo. Wanajua watu wamezoea kuyafungua."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayowaambia wateja dukani kwamba kioo cha simu hakina dawa. Mama Tone akamtazama. Aliliona waziwazi, neno la Tone limeandikwa kwa rangi nyekundu na njano, na chini yake watu wanaahidiwa kushinda fedha. Na akaelewa kwamba likienda hilo limekwenda lote, kwa sababu hakuna mahali pengine duniani lilipobaki. Hawakumrekodi. Video zilizokuwepo ni za mtoto mkubwa anayesema vizuri.

"Waambie," alisema. "Waambie ni neno la nani."

"Niwaambie nini? Kwamba programu za watu zimekaa ndani ya msiba wangu?"

"Waambie tu."

"Watasema pole. Halafu watabakiza jina kwa kunionea huruma, na kila wakiliandika watanikumbuka mimi kwa huruma." Akasimama, akachukua kikombe chake. "Mimi nimechoka, mama. Waache wabadilishe."

Hakumbishia. Zamani angebisha hadi sufuria zisikie.

*

Mchango ulifika Jumatatu. Baba Tone alirudi kutoka dukani, akala kidogo, akafungua kompyuta. Mke wake alikuwa anakunja mashuka ya mteja, akamwona mgongo tu, na vidole vinavyokwenda bila macho kuviangalia, kama vya mtu aliyeandika maisha yake yote.

"Nimelinunua," alisema baadaye, bila kugeuka.

"Haya."

Juma lile mama mmoja alikuja kuchukua sare za watoto wake. Alizihesabu, akakuta kifungo kimoja kimelegea, akasema, "Ungekuwa na mtoto wa shule ungejua," kisha akasikia alichosema. Akabaki amesimama na sare mkononi. Mama Tone akachukua sindano, akakaza kifungo, akamrudishia. Mama yule akaacha chenji yote akaondoka haraka, na Mama Tone akaiweka kwenye kopo na nyingine.

*

Jumamosi wakakutana tena. Vidude vya masikioni bado vilikuwa vibovu. Mama Tone alikuwa na suruali za mhudumu wa benki, zile zinazoharibika ukikosea mstari.

Mwalimu alifungua mkutano, akauliza habari za afya, na kabla hajaendelea Mhazini akaomba kusema.

"Nina risiti hapa ya jina tulilonunua. Fundi, samahani, labda macho yangu. Hapa pameandikwa sadunku."

"Sadunku?" akauliza Mwalimu.

"Sadunku, lenye mkia wa jumuiya. Sanduku halijanunuliwa. Na nimewauliza wauzaji, fedha hairudi."

Baba Tone akajisogeza karibu na kioo. Mama Tone akamwona anasoma, midomo inakwenda. Alikuwa hajui. Mtu alipiga kura, akapokea fedha, akakaa akaandika, akalipa, akapata risiti, na muda wote huo vidole vyake vimeandika neno jingine na macho yake yakaliona ni sawa.

"Nimekosea," alisema.

"Yaani tumeondoka kwenye sadunku," alisema Kifaru, "tumechanga, tumekwenda kununua sadunku nyingine."

Wawili watatu wakacheka kwa pua.

"Nimekosea," Baba Tone akarudia. "Nitarudisha."

"Si suala la kurudisha, Fundi. Fedha ile imetoka kwa wanafunzi, kuna mtu amejinyima bando lake. Na niseme wazi, mimi nina wasiwasi. Wewe ndiye uliyetoa jina la kwanza. Usingependa libadilishwe, ungesema. Huwezi ukakubali hapa halafu ukaenda ukajinunulia unachotaka kwa fedha zetu."

"Kifaru," alisema Mwalimu.

"Au basi hajui kuandika sanduku. Aseme moja kati ya hayo mawili."

Baba Tone alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya watu wale kwenye kioo. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini uso wake ulikuwa ule ule, hauna kitu. Mke wake aliyajua masikio yale. Yalikuwa hivyo siku walipoambiwa hospitali wangoje nje.

Mama Tone akaisimamisha pasi. Akazima swichi ukutani, akaikunja suruali ya mteja kwa mstari wake, akaiweka pembeni. Hakuunguza kitu. Halafu akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Hamjambo," alisema. "Mimi mkewe."

Wakaitikia, kila mtu kwa wakati wake.

"Anajua kuandika. Hilo jina si kosa. Tulikuwa na mtoto, alikuwa hawezi kusema sanduku, akawa anasema hivyo mlivyozoea kuandika. Baba yake akalichukua. Mtoto amefariki mwaka huu. Hakuwaambia kwa sababu hataki pole zenu. Mimi naomba msimwite mwizi."

Kwenye kioo Mhazini alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Fundi," alisema Mwalimu mwishowe. "Na sisi tunakutana kila wiki."

"Ndiyo," alisema Baba Tone.

"Basi jina lisibadilishwe," alisema Mhazini. "Tufute ile kura. Libaki."

"Hapana," alisema Baba Tone.

Mkewe akamtazama.

"Hapana. Badilisheni. Kifaru amesema kweli, linawafungia watu milango, mtoto wangu hakulisema ili shule zikose programu." Alisema polepole, akilitafuta kila neno. "Ila mtu mwingine akalinunue. Mimi hilo lingine siwezi kuliandika. Nimejaribu sasa hivi, mnaongea, nimejaribu. Seremala alinipigia simu siku ile. Hakusema jeneza, nadhani alinionea huruma. Alisema, mzee, sanduku lenu liko tayari, njooni mlichukue."

Mama Tone hakuwa amelijua hilo. Siku ile alikuwa ndani na wanawake, na jeneza alilikuta limeshafika. Akaweka mkono kwenye bega la mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasikia kitu kinamuuma, hapa chini ya koo, kinauma kweli. Alikaribia kushukuru.

"Naomba la zamani," aliwaambia wale watu. "Yote mawili. Msiyaache yakaokotwa. Gharama yake nitaitoa kwenye pasi."

"Hutatoa," alisema Kifaru. Sauti yake ilikuwa imepungua hadi ikawa ya kijana wa kawaida. "Hilo jipya ninunue mimi. Na hayo mawili ni yenu, mama. Fundi, nisamehe."

"Yameisha," alisema Baba Tone.

*

Tovuti ilihama. Kifaru alilinunua jina, Mhazini akakagua risiti herufi kwa herufi, na kazi za watu zikahamishiwa sanduku, programu moja baada ya nyingine. Kazi ya kuhamisha aliifanya Baba Tone mwenyewe. Kila palipohitaji jina jipya kuandikwa, alilinakili kutoka kwenye ujumbe wa Kifaru na kulibandika. Hakuliandika hata mara moja.

Ilipokwisha, sadunku ikabaki tupu. Alimwambia mkewe wakati wa chai.

"Nikuwekee nini pale? Picha yake?"

"Sijui. Usiweke kitu kwanza. Nataka kuliona tu."

"Njoo basi."

Mama Tone hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa. Mumewe akamwonyesha pale juu panapoandikwa anwani, akamwachia. Yeye akaanza kuwinda herufi kwa kidole kimoja, huku anasoma kimoyomoyo, akafika mwisho, akabonyeza.

Ukafunguka ukurasa uliojaa majina ya programu, na watu, na tarehe. Juu pameandikwa Sanduku, kwa herufi kubwa nzuri.

"Si penyewe," alisema.

"Umeandika sanduku."

Akatazama pale juu. Ni kweli. Aliandika kwa makini, herufi kwa herufi, na mkono wake ukamsahihisha Tone.

Akafuta. Akaanza upya, akafika katikati, akasimama. Hakujua d inakuja wapi na n inakuja wapi. Alijaribu kulisikia lile neno kichwani, na kichwani lilikuja lililo sawa, lile alilolipigia makofi.

"Siwezi kulipata," alisema. "Nitajie."

Baba Tone alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Liseme kwanza kwa sauti," alisema. "Kama alivyokuwa analisema. Vidole vitafuata."

Hakuwahi kulisema. Mtoto alilisema mwaka mzima na zaidi, baba akaliitikia, hata majirani wakaliitikia kwa utani, na yeye hata siku moja hakukubali kulirudia, asije akamzoesha. Akaangalia chini ya kitanda, ukingo wa bati ulipoonekana. Kisha akaangalia herufi.

"Sadunku," alisema Mama Tone, na akaanza na s.